Waliohesabiwa Mara Mbili

Kidole gumba cha kulia kilibonyeza, kikabonyeza, kikabonyeza. Tisini na moja. Tisini na mbili. Mama mwenye mwavuli, tisini na tatu. Jamaa aliyejipenyeza milango ikijifunga, tisini na nne. Treni ya mjini ikaondoka, naye akawahi kuandika namba kwenye fomu kabla upepo wa behewa la mwisho haujaipeperusha karatasi.

Pale kituoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kidole. Kwa siku tisa, tangu saa kumi na mbili alfajiri hadi saa mbili na nusu, alisimama kwenye jukwaa la katikati, treni za mjini zikipita kuliani kwake na treni za mwisho wa reli kushotoni, kila mkono umeshika kidude cha kuhesabia. Behewa la tatu ndilo lilikuwa lake. Mkono wa kulia ulihesabu watu wote wanaoondoka nalo kwenda mjini: waliokwisha kukaa ndani aliwasoma kwa macho madirishani, na wanaopanda aliwabonyeza mlangoni. Mkono wa kushoto ulihesabu wanaopanda kwenda mwisho wa reli, kituo kimoja tu mbele. Ofisini wangejumlisha mikono yote miwili, wazidishe kwa mabehewa sita, wajue kama njia ile bado ina nafasi au imejaa.

Leo ilikuwa siku ya kumi, ya mwisho. Mchana fomu iwe mezani kwa Msimamizi. Na Kidole hakuhitaji kungoja jibu la ofisi. Njia imejaa. Imejaa pomoni.

Ndiyo maana asubuhi hiyo hakutaka kumwona mtu yeyote anayemfahamu. Hasa yule mmoja.

"Kidole."

Hakugeuza shingo.

"Simama mbali," alisema. "Hatua tatu. Jifanye unasoma ratiba."

"Ratiba naijua yote."

"Basi isome tena, labda wamebadilisha."

Mchoraji akasogea hatua tatu, akaukabili ubao wa ratiba kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alikuwa amevaa lile shati lake ambalo hulipiga pasi mbele tu, kwa sababu mgongo, husema, hauoni mtu. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio. Miezi minane sasa Kidole alikuwa akimpenda mtu huyu, na miezi miwili ya mwisho alikuwa akimpenda kwa kujificha, maana wahesabu walikatazwa kuzungumza na mtu yeyote wa jengo jipya linalosubiri kibali karibu na kituo, na Mchoraji ndiye aliyelichora ramani.

"Sikuja kwa ubaya," Mchoraji aliuambia ubao.

"Hujaja kwa wema pia. Wenye wema wako makazini saa hizi."

"Niangalie basi."

"Niko kazini."

Akamwangalia. Mara moja tu, kwa pembe ya jicho, na ikatosha. Macho ya Mchoraji yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelala na viatu. Kidole akakaza vidole kwenye vidude.

"Leo unapeleka," Mchoraji alisema.

"Mchana."

"Na imejaa?"

"Usiniulize hivyo."

"Naona jibu usoni kwako. Kidole, unajua zikibaki ghorofa sita nini kinatokea."

Alijua. Nani asiyejua? Sheria ya mji ilisema jengo kubwa linalojengwa karibu na reli litenge nyumba moja katika kila tano kwa watu wa kipato cha chini, kwa kodi nafuu. Mchoraji alikuwa amechora ghorofa kumi na nne, nyumba mia moja na ishirini, na ishirini na nne kati ya hizo ni za kodi nafuu. Wa kwanza kupewa wangekuwa wapangaji wa safu ya vyumba kumi na kimoja itakayobomolewa kupisha jengo. Lakini njia ya treni ikionekana imejaa, mji hautaruhusu zaidi ya ghorofa sita, na jengo la ghorofa sita halibanwi na sheria ile. Hapo hakuna hata nyumba moja ya kodi nafuu. Safu itabomolewa vilevile, kwa kuwa mwenye kiwanja amekwisha kuuza.

Chumba cha saba katika safu ile kilikuwa cha mama yake Kidole. Miaka kumi na tisa Mama ameketi mlangoni na cherehani yake, na wateja wake wote ni wapanda treni.

"Najua," Kidole alisema. "Unadhani ninalala nikijua?"

"Basi tazama tena. Hilo tu naomba. Kuna kitu hakikai sawa. Watu wote hao wanatoka wapi? Mtaa huu haujaongezeka kiasi hicho."

"Kwa hiyo mimi sijui kuhesabu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Umelisema kwa adabu, lakini umelisema." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo ilikuwa ya hatari, watu wapole wakikasirika hawapigi kelele. "Siku tisa hukuja. Siku ya kumi, saa mbili asubuhi, fomu iko mkononi mwangu, unakuja kuniambia nitazame tena. Unajua Kaka aliniuliza nini jana mbele ya Mama? Aliniuliza, 'Huyo bwana anakupenda wewe, au anapenda kidole chako?'"

Mchoraji akageuka, akasahau ubao.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Kidole akainua kidude cha kushoto. Treni ya mwisho wa reli ilikuwa inaingia kushotoni.

"Nimekuuliza ulimjibu nini!"

"Nilinyamaza."

Ilikuwa kama amempiga kofi. Mchoraji alimtazama. Kisha akageuka, akatembea moja kwa moja hadi kwenye behewa la tatu la treni iliyosimama, akapanda. Kidole gumba cha kushoto kikabonyeza chenyewe. Ishirini na sita.

"We! Hiyo inakwenda mwisho wa reli!" Kidole alipaza sauti kabla hajajizuia. "Kazini kwako si mjini?"

"Sijapotea. Hili ndilo behewa langu la kila siku, siku hizi tisa nilihamia la mwisho tu usinione," Mchoraji alijibu kutoka mlangoni, bila kumtazama. "Nageuza nayo."

Milango ikajifunga.

Kidole akaandika ishirini na sita. Mwache ageuze. Mwache aende hata huko reli inakoishia. Lakini neno lile, 'nageuza nayo', lilimganda kama mwiba wa samaki kooni. Yeye Kidole, ofisi yake ilikuwa ng'ambo tu ya daraja la miguu la kituo. Maisha yake yote hajawahi kupanda treni asubuhi.

Dakika kumi na mbili baadaye treni ileile ikarudi, safari hii kuliani, ikielekea mjini. Kidole akaanza kusoma vichwa madirishani kama kawaida: hamsini, hamsini na moja... Hamsini na mbili ilikuwa Mchoraji. Ameketi dirishani, daftari magotini, anachora huku shavu moja limelowa.

Kidole gumba kikabaki hewani.

Siku tisa alikuwa amehesabu vichwa. Leo ndiyo mara ya kwanza alitazama sura, kwa sababu ilikuwa sura anayoipenda. Na sura ile alikuwa ameshaihesabu kwa mkono wa kushoto dakika kumi na mbili zilizopita.

Alimaliza zamu yake hadi saa mbili na nusu kamili, kwa kuwa kazi ni kazi. Kisha akaingia treni ya kushoto, behewa la tatu, kwa mara ya kwanza. Alikaa kando ya mwanamke mnene mwenye mkoba uliojaa vitana na nywele za kusukia.

Treni ilipofika mwisho wa reli, Kidole alisimama ampishe. Msusi hakusogea. Watu watano wakashuka. Arobaini na mmoja wakabaki vitini, wengine wameanza kusinzia.

"Hushuki, dada?" Kidole aliuliza.

"Nishuke niende wapi? Hapa kuna nini zaidi ya uzio na mbuzi?" Msusi alicheka hadi mkoba ukatikisika. "Mimi nakwenda mjini, mwenzangu. Nageuza nayo. Ukisubiri kule kwetu utapanda, lakini utasimama hadi nyonga ziombe msamaha. Na mimi nasimama tena kutwa nzima kichwani mwa mtu."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Sisi wote hawa! Yule pale mwenye kofia ana kiti chake kabisa, ukikikalia anakununia wiki nzima." Akamtazama vizuri. "Si wewe ndiye yule wa vidude? Sisi huwa tunakucheka. Tunasema, yule dada anatuhesabu tukienda, anatuhesabu tukirudi. Hata daktari hatupimi hivyo."

Kidole alicheka naye, maana machozi na kicheko vilikuwa kwenye mlango mmoja, na kicheko kiliwahi.

Msimamizi alikuwa mtu wa miwani minene na maneno machache. Alisoma fomu, akasoma ukurasa wa pili alioandika Kidole, akarudi kwenye fomu.

"Kwa hiyo tumewahesabu mara mbili."

"Ndiyo, Mzee. Sijui ni wangapi. Leo, katika treni moja niliyopanda, ni arobaini na mmoja kati ya arobaini na sita. Siku nyingine sijui. Huenda njia ina nafasi, huenda bado imejaa."

"Hilo kosa ni la fomu, si lako. Tunarekebisha." Akavua miwani. "Sasa mbona hukai? Umesimama kama una la pili."

"La pili ni mtu, Mzee."

Akamweleza. Alieleza yote, tangu miezi minane hadi ubao wa ratiba, na masikio yalimwaka moto. Msimamizi alisikiliza akifuta miwani ambayo haikuwa chafu.

"Binti, unajua watakavyosema? Njia ilikuwa imejaa siku tisa. Siku ya kumi mchumba akaja kituoni, njia ikapata nafasi."

"Najua. Ndiyo maana umesikia kwangu kabla hujasikia kwao."

"Ungeleta fomu ukanyamaza, nisingejua."

"Mimi ningejua."

Msimamizi akavaa miwani. "Siku tano, kuanzia keshokutwa, kesho mtapanga fomu mpya. Utahesabu na mwenzako wa njia ya kusini, kila mtu fomu yake, hakuna kuchunguliana. Namba zikipishana, tunachukua ya mwenzako. Na huyo bwana: hakuna mazungumzo, hakuna simu, hakuna salamu, hadi barua ya kibali cha jengo itoke. Nikisikia umevunja, hesabu mpya naifuta, ile ya zamani inabaki. Ikibaki, unajua maana yake."

"Marufuku hiyo inaanza lini, Mzee?"

"Kesho asubuhi."

"Na barua huchukua muda gani?"

"Miezi minne. Mara nyingine saba."

Jioni, jua likiwa bado halijashuka nyuma ya kuta, alimkuta Kaka amekwisha kufika nyumbani kwa Mama. Kaka alikuwa fundi bomba, na alipokuwa na hasira alitembea na spana mkononi hata kama hakuna bomba. Mama alikuwa mlangoni, anashona ukosi wa gauni la mtu.

"Nasikia umerudisha hesabu," Kaka alisema. "Habari zimefika kwenye bomba kabla hazijafika nyumbani."

"Hesabu ilikuwa na kosa."

"Kosa! Siku tisa halikuonekana, likaonekana leo alipokuja yule. Mdogo wangu, watu wana macho. Mwenye duka la kituoni amekuona."

"Alione duka lake."

"Mnajibizana mbele yangu?" Mama aliuliza bila kuinua uso. Kaka akashusha spana.

"Hodi," sauti ilisema nje.

Mama akaacha kukanyaga cherehani. Katika miezi minane Mchoraji hakuwahi kufika mlangoni pale. Alikuwa ameichora safu hii, kila mlango na kila ufa, kwenye karatasi inayoonyesha cha kubomolewa, lakini hakuwahi kusema hodi.

Kaka akajaza mlango kwa mabega. "Unataka nini?"

"Shikamoo, Mama," Mchoraji alisema juu ya bega la Kaka.

"Marahaba," Mama akajibu. "Mwache aonekane, wewe. Mtu anayesalimia huwezi kumziba."

Kaka akasogea nusu. "Nina swali moja. Asubuhi ulikwenda kituoni kwa miguu yako, au ulitumwa?"

Mchoraji akamtazama Kidole. Kidole akajua jibu kabla halijatoka, na akatamani asiseme, amdanganye Kaka tu, mara moja, wapite hapo. Kisha akajichukia kwa kutamani.

"Nilitumwa," Mchoraji alisema.

"Haya! Mmesikia?" Kaka akainua spana juu kama shahidi mahakamani.

"Mkuu wangu alisikia kwamba tunafahamiana. Alinituma wiki iliyopita, nikakataa. Akanituma tena juzi, nikakataa. Leo akaniambia nisiporudi na neno, nisirudi. Nikaenda." Akamgeukia Mama. "Nilijiambia sitamwomba uongo. Nitamwomba atazame tu. Lakini ukitumwa umetumwa. Nilitaka Kidole alisikie kwangu."

Kidole alikuwa amesimama kando ya meza ya kukatia, mikono yake haijui iende wapi.

"Kwa hiyo Kaka alisema kweli," alisema polepole.

"Kaka yako aliuliza napenda kipi. Hilo silo alilouliza sasa hivi."

"Jibu basi."

"Kidole, mimi nimekuja hapa bila kazi. Sikumpelekea neno lolote. Kama ningependa kidole chako, ningekuwa nimekwenda kwake."

Mama akachomoa pini mdomoni, akaichoma kwenye ukosi.

"Umekula?" Mama alimwuliza Mchoraji.

"Mama!" Kaka alilalamika.

"Nimeuliza kama amekula, sijamwozesha."

Kidole akavuta pumzi. Hakuwa amemsamehe, msamaha kwake ulikuwa kama hesabu, haukuruka tarakimu. Lakini muda ulikuwa unakimbia, na kesho asubuhi neno hata moja lingekuwa kosa.

"Nisikilize," alisema. "Nimemwambia Msimamizi habari zetu. Zote. Kuanzia kesho siruhusiwi kusema na wewe. Hata salamu. Hadi barua itoke, na barua ni miezi minne, huenda saba. Tukivunja, hesabu ya zamani ndiyo itakayosimama, na Mama hana pa kwenda. Keshokutwa naanza kuhesabu upya, nikiwa ndani ya behewa, niwaone wanaobaki vitini."

Mchoraji alikunja uso kama mtu anayepigwa na jua. "Basi keshokutwa nitapanda basi. Natafuta kazi mjini, basi litanifikisha. Usinione, nisikuone, itakuwa rahisi."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Wewe ni abiria. Hugeuza kila siku, behewa la tatu. Ukikimbia kwa sababu yangu, nitakuwa nimeharibu hesabu kabla sijaianza. Utapanda kama siku zote. Utakaa. Nitapita, nitakuhesabu kama ninavyomhesabu yule msusi, na nitaendelea."

"Siku tano ukae mbele ya macho yangu nisiseme kitu?"

"Siku tano. Halafu miezi."

"Na nikishindwa?"

"Usishindwe." Hapo sauti ilimponyoka, ikawa nyembamba. "Tafadhali."

Walitazamana. Kati yao kulikuwa na meza, kipande cha kitambaa na mkasi, na hakuna aliyenyoosha mkono. Kaka alitazama dari. Hata yeye, fundi mzima, alionekana anatafuta bomba la kurekebisha.

"Barua ikitoka," Kaka alisema hatimaye, kwa ukali uliochoka, "utakuja hapa mchana kweupe, na wazee wako, si peke yako kama mtu anayeuliza njia. Ikitoka imekubali au imekataa. Tutaona kama bado unaifahamu nyumba."

"Nitakuja."

"Sijasema utakaribishwa."

"Nimesikia. Nitakuja."

Akamuaga Mama. Alipofika kwa Kidole akataka kusema kitu, akaona uso wake, akainamisha kichwa tu, akatoka. Kidole alibaki ametazama mlango hadi Kaka alipoufunga.

Kidole akavuta karatasi safi na rula, akaketi kwenye meza ya kukatia, akaanza kupiga mistari ya fomu mpya: waliopanda, walioshuka mwisho wa reli, waliobaki vitini. Fomu moja kwa kila siku. Mstari wa kwanza ulipinda. Akaufuta, akaupiga upya.

"Mwanangu," Mama alisema. "Na ikionekana bado imejaa?"

"Basi imejaa, Mama."

"Hata ukiwatoa hao wa kugeuza?"

"Hata nikiwatoa."

Mama akatafuna uzi, akaukata. Akatazama ukuta wa chumba cha saba, kalenda tatu za miaka tofauti, msumari wa futi yake ya kupimia. Macho yake hayakulia. Akaukunjua mgongo taratibu.

"Haya," alisema. "Hesabu vizuri. Lakini sasa nipishe meza, gauni la mtu linangoja kukatwa."

Kidole alikuwa amemaliza fomu ya siku ya kwanza na nusu ya pili. Akazikusanya, akaweka rula juu yake, akampisha mama yake. Zilizobaki angezipigia mistari kesho.